Mashirika ya umma yarudi kumiliki bendi za dansi? Tujadili, ila tuwaache vijana kwanza

Mleta mada:

Wakuu, kila Jumapili ni yale yale. Redio ikishafungulia zilipendwa, haipiti nusu saa utamsikia mtu mzima akitoa hukumu: siku hizi hakuna muziki, vijana wameua muziki, wanabonyeza kompyuta na kuimba matusi. Hukumu hii nimeichoka. Si kwamba sipendi dansi. Nimekulia Kinondoni, usiku wa Jumamosi besi ya ukumbi ilikuwa inapenya ukutani mpaka kitandani, na hadi leo nikisikia tarumbeta za Sikinde, ndiyo bendi ya Mlimani Park, zinajibizana na saksafoni naacha ninachofanya. Nimeichoka kwa sababu inamkamata asiyehusika. Swali la kuuliza ni hili: nani alikuwa analipa?

Angalieni majina ya bendi zenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina nayo ikabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ndiyo Msondo Ngoma. UDA Jazz ilikuwa ya Usafiri Dar es Salaam, wale wale wa mabasi. Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Vijana Jazz ya vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya shirika la teksi na usafiri, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, lililokuwa na kumbi zake Kariakoo na Magomeni Kondoa. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na Kimulimuli, jeshi lilikuwa na Mwenge. Karibu kila bendi mnayoililia ilikuwa na mwajiri, na mwajiri huyo alikuwa ni umma.

Hiyo ilikuwa na maana gani kwenye muziki? Maana yake mpiga gitaa hakuwa na gitaa na hakulihitaji, kwa sababu vyombo vilikuwa vya shirika. Mazoezi yalikuwa asubuhi siku za kazi, si usiku baada ya kuhangaika na bodaboda. Jukwaani wanapanda watu kumi na wanne: solo, solo la pili, rizimu, besi, dramu, tumba, wapulizaji watatu au wanne, waimbaji mstari mzima. Sikilizeni wimbo wowote wa Sikinde wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nusu ya kwanza inakwenda pole pole, mwimbaji anasimulia kisa chake, kibwagizo kinaingia, tarumbeta zinamjibu. Halafu magitaa yanabadilika, wimbo unaingia kwenye chemko, na hapo solo na solo la pili yanapishana bila kugongana kwa dakika tatu nne. Kile kitu hakitungwi kwa usiku mmoja. Kinataka watu wale wale, chumba kile kile, wiki baada ya wiki. Kipaji kilikuwepo, sikatai, ila kilikuwa na mshahara.

Mashirika yalipoanza kuyumba, na baadaye kuuzwa, bendi ndizo zilizokuwa za kwanza kukatwa kwenye bajeti. Mwaka 1994 redio binafsi zikaingia kwa kishindo, televisheni ikaja Bara, na kijana mwenye kinanda kimoja akagundua anaweza kurekodi wimbo mzima bila kulisha watu kumi na wanne. Huyo kijana mnamlaumu kwa nini? Alifanya hesabu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: mashirika ya umma na halmashauri zirudi kumiliki bendi. Wapo watakaosema serikali haina hela za kuchezea. Sawa. Hela za mpira zinatoka wapi? KMC ni timu ya Manispaa ya Kinondoni. Dodoma Jiji jina lenyewe linajieleza. JKT wana timu, Magereza wana timu. Halmashauri ikisajili mshambuliaji hakuna anayeshtuka. Ikisajili mpiga solo tutaambiwa ni ubadhirifu.

Karibuni.

Mkazi wa Magomeni:

Mkuu umeandika vizuri ila umechemka. Mbaraka Mwinshehe alikuwa mwajiriwa wa shirika gani? Aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano yake mwenyewe, na hakuna bendi ya shirika iliyomfikia kwa solo. Salum Abdallah aliianzisha Cuban Marimba Morogoro mwaka 1948, mkoloni bado yupo, hakuna UDA wala Bima. Dar es Salaam Jazz ni ya mwaka 1932! Marijani Rajabu naye umemsahau. Hao wote walikuwa wakali kabla ya mashirika yako na nje ya mashirika yako.

Mimi nitakwambia kilichopotea. Ni maneno. Mtunzi wa zamani alikuwa anakupa kisa: mtu na mkewe, mtu na bosi wake, mtu katelekezwa hospitalini na ndugu zake. Ulikuwa unarudi nyumbani unajadili na mkeo nani mwenye makosa. Wa sasa anarudia neno moja mara arobaini.

Mleta mada:

Mzee wangu wa Magomeni, shikamoo kwanza. Hizo klabu za Jazz za zamani nazo zilikuwa na mlipaji. Zilikuwa vyama hasa: wanachama, mwenyekiti, katibu, ada, na vyombo mali ya klabu. Wanachama ndio waliokuwa shirika. Na Mbaraka ndiye anayenisaidia hoja. Kwa nini alikuwa akifunga safari kwenda Kenya kurekodi? Kwa sababu hapa hakukuwa na kiwanda cha kufyatua sahani, ulikuwa unarekodi redioni basi. Akafia huko Kenya kwa ajali ya gari, Januari 1979, hajafika hata miaka arobaini. Aliyekuwa nje ya mashirika alilipia uhuru wake.

Kuhusu maneno, nitajie wimbo mmoja wa kusifu mkutano mkuu wa chama ambao umewahi kuuomba redioni. Zilirekodiwa chungu nzima. Hakuna anayeziomba, ndiyo maana unadhani zama zile kila wimbo ulikuwa kisa.

Dada wa Mombasa:

Hamjambo nyote. Mwazungumza kana kwamba dansi iliishia mpakani Namanga.

Wilson na George Kinyonga walikuwa watu wa Tanga. Walitoka huko, wakapitia Arusha, wakaja huku Mombasa wakaitwa Simba Wanyika, kisha Nairobi. Mwaka 1978 wakagawanyika wakazaliwa Les Wanyika. Hawakuwa na shirika la umma nyuma yao hata siku moja. Hawakuwa hata raia wa huku, vibali vya kazi vilikuwa shughuli. Na leo hii, kaka, harusi yoyote kuanzia Mombasa mpaka Kampala wakipigiwa Les Wanyika wazee wanainuka vitini. Kumbe inawezekana bila serikali.

Sisi serikali ilipoingia muzikini iliingia vibaya. Mwaka 1980 redio ya taifa, Sauti ya Kenya, iliamrishwa asilimia 75 ya muziki uwe wa nyumbani. Amri yenyewe haikumaliza hata mwezi. Watangazaji hawakuwa na sahani za kutosha kujaza saa zote hizo, na wasikilizaji walitaka Lingala yao.

Mkazi wa Magomeni:

Nakazia hoja ya dada.

Mleta mada:

Dada, Les Wanyika walikuwa na Garden Square pale Nairobi. Ukumbi mmoja, mkataba mmoja, wanapiga hapo hapo wiki nzima. Mimi sing'ang'anii neno serikali. Nang'ang'ania mahali pa kudumu pa kuwaweka watu pamoja. Sasa niambie, leo ni klabu gani Nairobi, Mombasa au Dar inayompa mtu mkataba wa mwaka mzima apige na bendi ya watu kumi?

Saksafoni Kuukuu:

Nimewasoma wote. Mimi nilikuwa mle ndani, nilipuliza saksafoni kwenye bendi ya shirika moja ambalo sitalitaja, kwa sababu baadhi ya wakubwa wake wako hai na ni majirani.

Mleta mada, mwanangu, mshahara ulikuwepo kweli. Kwenye barua yangu ya ajira niliandikwa tarishi, si mwanamuziki, kwa kuwa hakukuwa na cheo cha mwanamuziki kwenye muundo wa shirika. Asubuhi tunasaini daftari la mahudhurio kama makarani, tunaingia stoo ya vyombo, tunafanya mazoezi mpaka saa nane. Mshahara wa tarishi ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi, lakini ulikuwa unakuja. Mtoto akiugua, shirika lina zahanati. Hivyo vitu vijana wa leo hawana, na hilo nakubaliana nawe asilimia mia.

Lakini mnaipaka rangi enzi ile. Miaka ya mwanzo ya 80, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna. Nyuzi za gitaa hakuna. Mpiga besi wetu alikuwa anafunga waya wa breki ya baiskeli, na ukisikiliza kwa makini kwenye nyimbo fulani utasikia besi inakwaruza. Watu wanasema "ladha ya zamani". Ni waya wa breki ule. Mimi mwanzi wa saksafoni nilikuwa nauchonga upya kwa wembe mpaka unabaki kama karatasi ya sigara.

Kurekodi sasa. Unapeleka kwanza maneno ya nyimbo kwa maandishi Redio Tanzania, kamati inayasoma. Wakiona neno halifai, wimbo unarudi. Mkipita mnapangiwa siku, mnakwenda pale Barabara ya Pugu na vyombo vyote kwenye gari la shirika, na siku hiyo hiyo mnarekodi nyimbo sita, saba. Wote kwa pamoja, chumba kimoja. Mtu akikosea dakika ya saba, mnaanza upya. Ndiyo maana tulikuwa hatukosei, tuliogopana. Fundi mitambo ananisogeza mimi mpulizaji hatua tatu nyuma ya kipaza sauti ili nisiwafunike waimbaji, akiridhika anachora alama ya chaki sakafuni: usitoke hapa.

Halafu kanda inabaki pale. Nyimbo zangu zinapigwa mpaka leo. Ninachopata ni simu ya mjukuu: "Babu, wanakupiga redioni."

Kwa hiyo ukiniuliza mashirika yarudi, nitakuuliza: yarudi na ile barua ya tarishi?

Mtoto wa Manzese:

Mzee Saksafoni heshima yako. Hiyo ya waya wa breki imeniua.

Mimi natengeneza biti za singeli, nina kompyuta moja na spika mbili chumbani. Kila siku naambiwa hii ni kelele, si muziki. Nikaenda kusoma historia kidogo ili nipate pa kujibia. Novemba 1969 hapa hapa Dar es Salaam muziki wa soul ulipigwa marufuku, ati unaharibu vijana na si utamaduni wetu. Mwaka huo huo Operesheni Vijana inawakimbiza dada zenu kwa ajili ya sketi fupi na mawigi. Sasa hao vijana waliokuwa wanaharibika na soul mwaka 1969 ndio nyinyi mnaotuambia leo kwamba tumeharibika. Mlipona lini?

Na hiyo dansi mnayoiita utamaduni wetu, Cuban Marimba iliitwa hivyo kwa sababu gani? Sahani za Cuba zilikuwa zinakuja, wazee wakasikiliza, wakaiga, wakatia Kiswahili. Mnachofanyiwa na singeli ni kile kile, isipokuwa sisi hatukuiga ya nje. Imetoka Manzese na Tandale, kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku.

Serikali ikirudi kumiliki bendi itaniajiri mimi? Haiwezi. Itaajiri wanaopiga kile ambacho mkurugenzi alikuwa anakicheza ujanani.

Mkazi wa Magomeni:

Kijana, soul tulikuwa tunaicheza kwa adabu.

Mtoto wa Manzese:

Mzee Magomeni, hata wewe hujaamini ulichoandika.

Binti wa Ng'ambo:

Nimechelewa, nilikuwa nasubiri nione kama kuna mwanamume hapa atakayetaja jina la mwanamke. Hakuna.

Mnasema maneno ya zamani yalikuwa na kisa. Visa vya nani? Mke anayependa fedha, mke asiyetulia, mwanamke wa mjini aliyemfilisi mtu, mama mkwe mchawi. Tuliimbwa sana, tulipewa kipaza sauti kidogo. Mtanitajia Kida Waziri wa Vijana Jazz, halafu mtaanza kukuna kichwa. Na hili mleta mada alizingatie, maana ni lake: waajiri walikuwa umma, taifa linahubiri usawa, na bado kwenye bendi zile nafasi ya mwanamke ilikuwa kucheza mbele au kulipa kiingilio.

Upande wa taarab kulikuwa kwengine. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mwanamke wa Fumba, hana shirika wala chama. Bi Kidude kaimba mpaka uzeeni, kafariki 2013. Kwa hiyo mnaposema "muziki wetu wa zamani", semeni wa nani.

Mimi dansi naipenda, naicheza. Ila simlilii mtu enzi zile.

Mkazi wa Magomeni:

Dada yangu wa Unguja, hapo sina la kukupinga, ila ongeza moja. Bendi ya dansi iliyojaza kumbi miaka ya 2000, Twanga Pepeta, mkurugenzi wake alikuwa mwanamke, Asha Baraka. Haikuwa ya shirika. Pale Mango Garden palikuwa hapatoshi. Kwa hiyo mleta mada hata ule wakati anaosema dansi ilikufa, haikufa.

Mleta mada:

Sikusema ilikufa. Msondo wapo, Sikinde wapo, Twanga wapo. Nilisema imekosa anayeilipa, na hivyo imekosa vijana wa kuirithi. Nenda kahesabu umri wa wapulizaji wetu leo.

Binti wa Ng'ambo, umenipa hoja ambayo pendekezo langu halikuwa nayo, nayo inaweza kuingia. Bendi ya umma inaweza kuwekewa sharti la nusu kwa nusu. Bendi ya mtu binafsi nani ataiwekea?

Saksafoni Kuukuu, kaka yangu mkubwa, hilo la kanda ndilo linaloniuma hata mimi. Mnamkumbuka Muhidin Gurumo. Kaimba NUTA, kaimba Mlimani Park, mwaka 1985 kachukuliwa na Safari Sound ya mtindo wa Ndekule, karudi Msondo. Sauti yake iko kwenye nusu ya zilipendwa zote. Anastaafu 2013, na gari lake la kutembelea kapewa zawadi na Diamond mwaka ule ule. Kijana wa Bongo Fleva, yule yule mnayesema kaua muziki. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Mimi nikiitazama habari ile sioni ukarimu wa kijana tu, ingawa alifanya jambo la maana sana. Naona miaka hamsini ya kazi ambayo haikumnunulia mtu gari.

Mhasibu:

Nimekaa kimya kwa sababu mlikuwa kwenye mapenzi, sasa tuje kwenye namba.

Chukueni bendi ya watu 14. Kila mmoja mpe laki tano kwa mwezi, ambayo ni hela ndogo. Hiyo ni milioni 7 kwa mwezi, milioni 84 kwa mwaka, kabla hujanunua uzi mmoja wa gitaa, kabla ya gari, kabla ya mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Halmashauri yenye shule zisizo na madawati itaulizwa na mkaguzi.

Na mnasahau kitu kuhusu DDC. DDC haikuwa inafadhili Sikinde kwa mapenzi ya utamaduni. DDC ilikuwa na kumbi na ilikuwa inauza bia. Bendi ndiyo iliyovuta watu, watu wakanywa, na hesabu ikafunga. Mashirika yaliyoweka bendi kwa ajili ya jina tu ndiyo yaliyoshindwa mapema. Ukitaka kurudisha bendi, rudisha kwanza ukumbi unaojiendesha. Halmashauri nyingi zina kumbi ambazo sasa zinakodishwa kwa harusi na mahubiri. Mpe bendi ukumbi bure siku mbili kwa wiki, kiingilio kiwe chao, mauzo ya jikoni yawe ya halmashauri. Hiyo haihitaji milioni 84.

Kuhusu mpira, mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wapo wengi tu wanaouliza hata hizo timu halmashauri zinazilipia kwa kifungu gani.

Dada wa Mombasa:

Mhasibu kaongea. Huku kwetu magavana walijaribu kila tamasha, stejini wanaalikwa wasanii wakubwa kutoka Bongo, wa nyumbani wanafungua shoo saa kumi jioni watu hawajafika. Ukumbi wa kudumu ndio dawa, hata mimi nauunga.

Mtoto wa Manzese:

Na nani anachagua nyimbo humo ukumbini? Maana kamati ya Redio Tanzania aliyosema mzee sasa inaitwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Remmy Ongala aliimba kuhusu kondomu mwanzoni mwa miaka ya 90, watu wanakufa na ukimwi, redio ya taifa ikakataa kuupiga "Mambo kwa Soksi". Leo mtu huyo huyo anaitwa Dokta, anaitwa nguli, anawekwa kwenye zilipendwa. Mwaka 2018 BASATA ikafungia wimbo wa Rayvanny na Diamond. Subirini miaka thelathini, nao mtaulilia.

Mkazi wa Magomeni:

Remmy alikuwa na ujumbe. Ule wa 2018 ulikuwa na ujumbe gani?

Mtoto wa Manzese:

Hata wa Remmy waliuliza hivyo hivyo, mzee.

Binti wa Ng'ambo:

Hapo kijana kakushika, kaka.

Saksafoni Kuukuu:

Niwaambie mimi masharti yangu, maana mleta mada ameniuliza pembeni kama leo ningekubali kuajiriwa tena.

Ningekubali. Pamoja na yote ningekubali, kwa sababu hakuna furaha kama kupuliza katikati ya wapulizaji wanne mliozoeana, mnavuta pumzi mahali pamoja bila kutazamana. Kijana mwenye kompyuta hajawahi kuionja hiyo, na simlaumu.

Lakini barua iandike mwanamuziki. Mtunzi aandikwe jina lake kwenye kila kanda, na jina hilo lifike COSOTA, wale wa hakimiliki, kabla wimbo haujafika redioni, kwa sababu sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, tatizo letu nyimbo za zamani nyingi karatasi hazipo, anajulikana mwimbaji, mtunzi hajulikani, na wapulizaji ndiyo kabisa. Na kanda isiwe mali ya mwajiri peke yake. Mwajiri kalipa mshahara, apate fungu lake. Nami nimepuliza, nipate langu, na nikifa mke wangu apate. Hizo kanda kubwa za Redio Tanzania zilizoko sasa hivi TBC, shirika la utangazaji la taifa, kabla hawajafikiria bendi mpya, wakae na waliobaki hai waandike nani alipiga nini. Tuko wachache. Hiyo kazi haihitaji bajeti ya milioni 84, inahitaji mtu mwenye kalamu na chai.

Mhasibu:

Ya kuandika majina inawezekana kesho. Ya kugawana kanda, mzee wangu, mwanasheria wa halmashauri ataikata kwa wino mwekundu.

Mleta mada:

Aikate tumwone. Bila kifungu hicho hata mimi pendekezo langu naliondoa, maana tutakuwa tunawaajiri watoto wetu utarishi.

Tuseme kimepita. Manispaa ya Kinondoni imetoa ukumbi siku mbili kwa wiki, nusu ya bendi ni wanawake, majina yako COSOTA. Mtindo wa bendi tuuiteje?

Mkazi wa Magomeni:

Angalau hapo nimefurahi. Bendi bila mtindo si bendi. Tulikuwa na Sikinde, Msondo, Vangavanga, Bayankata, Ogelea Piga Mbizi. Nyie mtaiita nini, "Pakua Sasa"?

Mtoto wa Manzese:

Singeli na tarumbeta. Natengeneza biti, Mzee Saksafoni anakuja na wenzake wanapuliza juu yake. Mapigo mia mbili na kitu kwa dakika. Mzee, nikutumie moja ujaribu?

Mkazi wa Magomeni:

Nikishakufa.

Saksafoni Kuukuu:

Nitumie. Ila mia mbili kwa dakika mpulizaji anavutia pumzi wapi? Acha nafasi kila baada ya mistari miwili, halafu niandike jina kwenye faili kabla hujalituma.